Sala ya Kocha Haldane

9 Mei 2016

Kwako Shangazi Ernestine,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na mbwa wetu Shemasi bado anabwekea kila gari linalopita kama vile barabara ya Tillery Bend ni mali yake. Mimi mzima. Huku kaskazini Mei yenyewe bado ina baridi, kwa hiyo navaa lile sweta ulilonifumia. Wenzangu wameniona nalo na sasa wananiita Bibi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu iliyobaki unaitunga mwenyewe.

Habari kubwa ni kwamba bado nipo kwenye timu yao ya mpira wa Kimarekani. Tuko tisini uwanjani, na msimu ukianza watabaki hamsini na watatu. Hesabu hiyo naisikia hata nikipiga mswaki. Siku ya kwanza sisi wa mstari wa mbele tulipangwa mstari dhidi ya mstari, helmeti kichwani lakini bila pedi mabegani. Filimbi ilipolia nikamwangusha mtu chali. Nikadhani nitapigiwa makofi. Badala yake mzee Dobbins, anayecheza katikati ya mstari na ndiye mwakilishi wa chama cha wachezaji, akanishika kola.

"Dogo, wewe umetoka wapi?"

"Mississippi, mzee."

"Huko hamna kalenda? Huu ni Mei. Mei hatuangushani. Simama juu, gusa, achia. Huyu akivunjika, wanawe utawalisha wewe?"

Wote wakacheka. Sawa, wacheke. Dobbins ana jina na mkataba. Mimi siku ya klabu kuchagua wachezaji wapya hakuna iliyonitaja, nimeokotwa tu. Mwenye jina anaweza kugusagusa Mei nzima na Julai akakuta nafasi yake inamngoja. Mimi nikigusagusa, nani ataniona?

Lakini kuna jambo litakalokufurahisha. Kocha wetu wa mstari, Kocha Haldane, hafungi mazoezi bila kipindi cha sala. Hata mpiga picha anayerekodi mazoezi anashushwa kwenye mnara wake kwa heshima. Mimi kipindi hicho nakipenda kuliko vyote, maana hapo ndipo kocha ananiona.

Wasalimie akina mama wa kanisa.

Mwanao,
Kendarius

17 Mei 2016

Mwanangu Kendarius,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa macho yangu, na mara ya tatu kwa sauti mbele ya kanisa. Usinikasirikie. Nilipofika pale pa mpiga picha kushushwa mnarani, Dada Hattiebell aliinuka kwenye kiti, na unajua yeye haiinukii hata harusi. Mchungaji akasema, tazameni, Bwana ana watu wake hata huko kwenye pesa na kelele.

Goti langu ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Habari mbaya ni ya Shemasi. Amekufa Jumatano, chini ya ngazi za nyuma, bila kumsumbua mtu, na hilo lilikuwa jambo lake la kwanza la adabu. Nimemzika karibu na banda la kuku.

Sasa niambie mnasali nini. Mnasoma zaburi? Anayeongoza ni kocha au mnapokezana? Nataka kumwandikia huyo Haldane nimshukuru. Baba yako alicheza misimu kumi, na katika makocha wake wote sikumsikia hata mmoja aliyemwinamisha mtu kichwa isipokuwa ili akigongeshe. Mwambie Dobbins nampenda bila kumjua. Mzee anayewaambia vijana wasivunjane kabla ya wakati amelelewa na mtu.

Kula vizuri. Wewe ukiachiwa utaishi kwa nafaka za kwenye boksi.

Akupendaye na asiyekuogopa,
Shangazi Ernestine

24 Mei 2016

Shangazi,

Pole sana kwa Shemasi. Nimeumia kweli.

Usimwandikie kocha. Kama umeshaandika, barua isifike posta. Na kwa nini unasomea watu barua zangu? Mimi nakuandikia wewe, simwandikii Dada Hattiebell.

Hakuna zaburi. Nilikuwa nakutania nikidhani utaelewa, kumbe umenibebea utani mpaka madhabahuni. Haya, nakueleza, kisha uichome barua hii.

Sheria ya ligi na chama inasema mpaka mwisho wa Julai hakuna pedi na hakuna kugongana. Ili isichezewe, kila mazoezi lazima yapigwe picha kutoka mnarani na filamu itunzwe, chama kikitaka kuiona kipewe. Kocha Haldane anaiita sheria ya akina dada. Basi akavumbua dawa. Saa ya mwisho wakongwe wanaruhusiwa kwenda kuoga, sisi tusio na majina tunafanya duara na kushikana mikono. Kocha anamwinulia uso mpiga picha na kumwambia, "Kaka, watu wakimwomba Mungu hawapigwi picha. Kuwa na heshima." Mpiga picha anashuka. Mguu wake ukigusa nyasi, duara linavunjika, tunapangwa wawili wawili uso kwa uso, na tunagongana mpaka mmoja alale chini. Siku nyingine kocha anasema "Amina" ndiyo iwe filimbi.

Vijana wanataniana chumbani: "Wewe leo umesali?" "Nimesali mpaka nikaona nyota." Ndiyo mambo yenyewe.

Dobbins anajua. Ametuambia, yeyote anayetaka kumaliza hili aje kwake na jina lake, maana picha hakuna na bila shahidi chama hakina kitu mkononi. Hakuna aliyekwenda. Ukienda, kesho yake vitu vyako unavikuta kwenye mfuko mweusi mlangoni.

Na mimi naisali ile sala vizuri kuliko wote, kwa hiyo usinihurumie. Pia usimtaje baba kwenye barua zako. Nimekuomba hilo tangu mwaka jana.

Kendarius

31 Mei 2016

Kendarius,

Salamu ni kwamba sisi wazima na mvua imenyesha. Habari za familia zimekwisha hapo, kwa sababu nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nimeishi miaka sitini na nane. Nimeona watu wakiiba kwa jina la Mungu, wakioa kwa jina la Mungu, na wakigombea udiwani kwa jina la Mungu. Sijapata kuona mtu akitumia Baba Yetu kama pazia la kufichia watoto wa watu wanaovunjana vichwa. Huyo Haldane ana mama? Mama yake yuko hai? Nipe anwani yake.

Ulisema nichome barua. Sikuichoma. Nilikwenda kanisani nikasimama nikawaambia akina mama kwamba nimewasomea uongo bila kujua, na nikawasomea ukweli. Dada Hattiebell akauliza huko ni mbali kiasi gani kwa basi.

Na wewe, bwana mkubwa unayesali vizuri kuliko wote, nakuuliza swali moja na nataka jibu moja. Umegongwa kichwa? Sikuulizi kama uko fiti. Sikuulizi kocha amesemaje. Nauliza, umegongwa kichwa ukaona nyota, au ukaamka hujui uko wapi? Ile ya kuona nyota uliiandika kama maneno ya wenzako. Mimi nimekulea, najua ukianza kusema "vijana wanasema" kijana mwenyewe ni nani.

Shangazi

8 Juni 2016

Kwako Shangazi Ernestine,

Shikamoo. Samahani nimekawia, macho yalikuwa yanauma kidogo kwa sababu ya jua. Natumaini goti halijambo. Shemasi je, bado anabwekea magari?

Kuna jambo la kuchekesha sijakusimulia. Siku ya kwanza hapa nilimwangusha mtu chali, akaja mzee mmoja anaitwa Dobbins, mwakilishi wa chama, akanishika kola. Akaniuliza huko kwenu hamna kalenda? Tukacheka sana. Ukija kumwona utampenda.

Alhamisi tarehe kumi na sita ni siku ya familia, mazoezi ya mwisho kabla ya mapumziko. Wanakaribisha wazazi, wanachoma nyama. Usije. Ni mbali na goti lako halitaki. Nakuambia tu usije ukasikia kwa mwingine.

Mambo ni mazuri. Kocha ananipenda.

Mwanao,
Kendarius

22 Juni 2016

Shangazi,

Leo sikuamkii.

Nimetolewa. Waliniita juzi asubuhi. Yule wa ofisi alisema "sababu za kimpira" huku akitazama ukutani. Kwa hiyo furahi. Wapigie akina mama wa kanisa makofi.

Nilikuandikia usije. Nilikuandikia kwa maneno ya darasa la kwanza kabisa: usije. Ukaja na basi zima la kofia za Jumapili, akina mama kumi na moja na sinia la kambare wa kukaanga, kwenye uwanja wa watu! Wenzangu wakaniuliza, "Bibi, hawa wote bibi zako?" Hapo ningevumilia. Mtu hawezi kuchagua ukoo wake.

Lakini kocha alipotangaza kipindi cha sala na kuziomba familia kwa adabu ziende kwenye hema la nyama, familia zote zikaenda. Zote! Wewe ukaingia uwanjani na fimbo yako. Nilisikia kila neno. Kocha akasema, "Mama, hii sala ni ya wachezaji tu." Ukamjibu, "Mwanangu, kwetu mtu hatolewi nje sala ikianza. Anatolewa akisinzia." Ukamshika mkono. Dobbins alikuwa anakwenda kuoga, ukaita jina lake, akageuka, ukamshika kwa mkono wako wa pili. Akina mama wakajipenyeza katikati yetu mmoja mmoja mpaka duara likawa kama harusi.

Halafu ukaomba. Ee Mungu wangu, uliomba! Ukawaombea wagonjwa wa kaunti nzima kwa majina. Ukaombea paa la kanisa. Ukaombea mabwawa ya kambare na bei ya chakula chao. Kocha akasema "Amina", ukasema "Bado." Akasema tena, ukasema, "Bwana, mpe huyu subira." Kuna watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Mpiga picha alikuwa amekaa ngazini, hajui ashuke au apande. Mwishowe ukapaza ile sauti yako ya mazishi: "Na unawaona, Bwana, wanaomshusha mpiga picha kwa jina lako ili wana wa watu wavunjane vichwa. Unamwona wa kwangu hapa, amesahau hata mbwa wake amekufa." Kwenye hema la nyama waandishi wa habari walioalikwa waliacha kutafuna.

Dobbins akatazama saa na kusema, "Kocha, muda wa nyasini tunaoruhusiwa kwa siku umekwisha. Sheria ni sheria." Wakongwe wakaondoka, na sisi tukawafuata.

Kwa hiyo ulishinda. Lakini nafasi ile ilikuwa yangu, Shangazi. Niliilipia kwa kichwa changu mwenyewe, na kichwa ni changu, si chako wala cha kanisa lako. Nani alikupa ruhusa ya kuniombea hadharani kama mgonjwa? Ulinitia aibu mbele ya watu ambao ningecheza nao.

Usiniandikie.

Kendarius

1 Julai 2016

Kendarius,

Ninaandika. Ukitaka usisome, lakini mimi kuandika sikatazwi na mtu niliyembadilisha nepi.

Sikuombi radhi. Ningekuomba radhi ningekuwa nakudanganya, na katika habari hii waongo wameshatosha.

Ulinikataza kumtaja baba yako na nilikuheshimu. Sasa heshima imefika mwisho. Kaka yangu Alphonse alianza na macho. Alisema ni jua. Halafu akawa ananisimulia jambo moja mara mbili, kila mara akicheka pale pale, na mimi nikawa nacheka naye mara mbili ili asione aibu. Watu wakasema Ernestine ana moyo mzuri. Moyo mzuri ukamkalisha mezani kwangu miaka sita, anakula sukuma wiki kwa mkono huku akiniuliza mimi ni mfanyakazi wa nani. Nilikuwa na miaka mingi ya kucheka naye, na sikuitumia hata siku moja kupiga kelele kwenye uwanja wowote.

Barua yako ya Juni ilipofika, nikakuta Shemasi amefufuka na Dobbins anakushika kola kwa mara ya kwanza tena, sikulia. Nilivaa viatu. Nilikwenda kwa Dada Hattiebell nikamwambia atafute basi.

Kwa hiyo sema nimekunyang'anya kazi. Ni kweli, nimekunyang'anya. Nichukie ukiwa na akili zako zote, nami nitaridhika. Hasira yako naijibu mimi. Mwenye kuujibu ule ugonjwa wa baba yako sijamwona.

Chumba chako kipo, shuka nimebadilisha.

Shangazi

25 Julai 2016

Kendarius,

Sijui kama ulipo barua inafika. Naipeleka kwenye anwani ya yule rafiki yako wa chuo.

Dobbins amenipigia simu. Alipiga kelele mpaka nikasikia. Vijana watatu walikwenda kwake na majina yao baada ya siku ile. Ligi imeiadhibu klabu: faini, na wamenyimwa wiki moja ya mazoezi mwakani. Haldane bado ana kazi. Klabu imetoa tamko kwamba sala uwanjani zimesitishwa "ili kuheshimu imani za wote." Nimelisoma tamko hilo nimesimama, nikakaa, nikainuka tena. Yaani katika yote yaliyofanyika pale, walichokiona kosa ni Mungu!

Kwenye wale watatu nilitafuta jina lako. Halikuwemo. Sikulaumu, nakuambia tu nililitafuta.

Niandikie hata tusi.

Shangazi Ernestine

8 Agosti 2016

Kwako Shangazi Ernestine,

Sitaki kukutukana. Hasira ninayo, ila matusi yanataka nguvu.

Barua zako zote mbili zilinifikia. Ya Julai mosi niliitupa, nikaitoa kwenye taka, nikaitupa tena. Jina langu halikuwemo kwa sababu nilijua klabu haimpi nafasi mtu aliyekwenda kwa Dobbins, na nilikuwa bado natafuta klabu. Usinihubirie. Nimeshajihubiria.

Wiki iliyopita klabu nyingine iliniita nijaribiwe, huku kusini, mtu wao wa mstari amevunjika mguu. Nimekimbia vizuri, nimeinua vyuma vizuri. Wakanifurahia, Shangazi. Mmoja alishaniuliza napenda jezi namba gani. Kikabaki kipimo cha daktari. Ni mama mmoja mtulivu, ana kalamu nyuma ya sikio. Akaniuliza, "Umewahi kugongwa kichwa ukapoteza fahamu?" Jibu nilikuwa nalo tayari. Kila kijana anajua jibu la swali hilo tangu sekondari: hapana, daktari. Nikafungua mdomo. Halafu nikaona sijui nimeingilia mlango gani kufika pale. Ilikuwa milango miwili, na nilikuwa nimeingia dakika hiyo hiyo. Nikaogopa, Shangazi. Sijawahi kuogopa hivyo hata mbele ya mtu wa kilo mia na hamsini. Nikamwambia mara nne, labda tano, zote Mei na Juni, miezi ambayo hatugongani.

Hakuandika kwanza. Aliweka kalamu chini na kunishika mkono. Basi nikajua mpira umekwisha.

Ungeninyamazia, ningekuwa mchezaji. Ungeninyamazia, ningekuwa kama baba yangu mezani kwako. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yananiudhi, na yote mawili nakulaumu wewe kwa sababu uko karibu.

Wamesema nisisafiri peke yangu. Klabu imenilipia chumba hapa hotelini mpaka Jumapili, anwani ameiandika muuguzi chini ya ukurasa huu. Simu yangu niliisahau kwenye teksi. Muuguzi akasema si kitu, nitajie namba ya nyumbani nikupigie. Namba ya nyumbani, Shangazi, ile uliyoniimbisha nikiwa na miaka minne ili nisipotee sokoni. Nilikaa nayo mdomoni nusu saa na haikuja. Nikamwambia hatuna simu.

Anwani yako nimeinakili kutoka kwenye bahasha yako. Njoo unichukue.

Kendarius